KUJIFUNDISHA KINANDA KWA NYIMBO ZA KATUNI ZA KIJAPANI



Katika toleo la muhula uliopita mwenzetu mmoja alitueleza habari za kufuga nyuki, na watu wengi walimsifu kwa kuwa aliandika mambo aliyoyafanya kwa mikono yake mwenyewe. Nami naomba nafasi nieleze kazi niifanyayo kwa mikono yangu, ingawa kazi yangu haileti asali. Kazi yenyewe ni kupiga kwa kinanda nyimbo za katuni za Kijapani ziitwazo anime, kuzirekodi katika video, na kuwaonyesha watu. Hakuna mwalimu aliyenifundisha. Nilijifundisha mwenyewe nyumbani kwetu Engutoto, na kwa muda wa mwaka mzima nilijifundisha vibaya. Kosa hilo ndilo lililonifanya niandike, kwani naona wenzangu kadhaa wa kidato cha kwanza na cha pili wamekwisha kuanza njia ile ile niliyopotelea mimi.

Kwanza nieleze kinanda. Mjomba wangu alipohamia Babati alituachia kinanda cha umeme chenye vitufe 61, yaani oktavu tano na kitufe kimoja cha ziada. Vitufe viwili vya juu kabisa havitoi sauti, na kimoja cha katikati hukwama siku za baridi, nasi tunaokaa chini ya Mlima Meru twajua baridi ya mwezi wa Julai. Chaweza pia kutumia betri kubwa sita, lakini bei ya betri sita ni bei ya daftari nyingi, basi umeme ukikatika mimi hufunika kinanda kwa kitambaa na kusoma Jiografia.

Tena nieleze anime, kwa ajili ya wazazi. Hizi ni katuni za Wajapani, na si zote ni za watoto. Mwaka 1963 televisheni ya Japani ilianza kuonyesha kila juma hadithi ya Osamu Tezuka juu ya mtoto wa chuma, Astro Boy. Mwaka 1965 ikafuata hadithi nyingine ya Tezuka, habari za simba mweupe aishiye katika misitu ya Afrika, na muziki wake ukatungwa na Isao Tomita. Kwa hiyo Wajapani walianza kutunga nyimbo juu ya bara letu zamani, kabla sisi hatujaanza kupiga za kwao. Tangu siku hizo katuni ya mfululizo huwa na wimbo wa kufungulia na wa kufungia, na kila mmoja huchukua kama dakika moja na nusu. Muda huo ni mzuri sana kwa mwanafunzi wa kinanda. Hebu tupige hesabu: wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika una mapigo 180 katika dakika moja na nusu, na kama kila kipimo kina mapigo manne, hivyo ni vipimo 45 tu. Mtu ajifunzaye vipimo viwili kila siku humaliza wimbo kwa siku 23, naye hajaacha kuteka maji wala kufanya hesabu za Mwalimu.

Sasa nisimulie nilivyopotea. Katika simu ya kaka yangu kuna video nyingi zionyeshazo kinanda na vijiti vya rangi vikidondoka kutoka juu kama mvua. Kijiti kikigusa kitufe, nawe ugandamize kitufe hicho. Huhitaji kujua do wala re. Nilifurahi mno. Kwa miezi michache niliweza kupiga nyimbo nne, vidole vikienda upesi hata mdogo wangu akawaita watoto wa jirani waje kutazama. Nikajiona mpigaji.

Ikaja siku ya wazazi hapa shuleni. Kwaya ilikuwa imetayarisha wimbo mmoja, nami nikaombwa niupige kinanda. Nilitafuta video yenye vijiti vya wimbo ule nikaipata, nikajifunza yote kwa jioni tano. Katika mazoezi mambo yalikwenda barabara. Lakini siku yenyewe yule dada aongozaye sauti ya kwanza aliamka na mafua, na sauti za juu zikamshinda. Mwalimu wa kwaya akaja kwangu dakika chache kabla ya kuanza, akaniambia kwa upole, “Tushushe hatua moja. Do iwe B bemoli badala ya C.” Nikaitikia, “Ndiyo, Mwalimu,” kama mtu aliyeelewa. Kisha nikatazama vitufe. Nilijua mahali pa kila kidole, lakini sikujua hata sauti moja jina lake wala kazi yake. Nilijaribu kusogeza mkono kushoto, na vitufe vyeusi vikawa mahali ambapo mimi nilitazamia vyeupe. Nikapiga sauti tatu, zote mbovu. Mwalimu akainua mkono, kwaya ikaimba bila kinanda, nami nikakaa pale mbele ya wazazi wote, mikono magotini, mpaka wimbo ukaisha. Mama alikuwa mstari wa pili.

Watu wengine waliniambia baadaye kwamba kinanda kina kibonye cha kushusha na kupandisha sauti zote mara moja. Ni kweli, nacho ni msaada. Lakini kibonye kile kingeficha ugonjwa wangu, kisingeuponya. Ugonjwa ulikuwa huu: nilijifunza kwa macho kitu ambacho ni cha masikio. Ni kama mtu aliyekariri barua ya Kichina kwa kuchora kila alama, naye hawezi kuomba maji kwa lugha hiyo.

Mwalimu hakunikaripia. Siku ya pili alinipa karatasi ya kwaya iliyoandikwa kwa herufi za d, r, m, f, s, l, t, kama zile wazitumiazo wazee wetu wa kwaya makanisani, na juu yake imeandikwa Do ni G. Akasema niuimbe wimbo ule kwa majina ya sauti kabla sijagusa kinanda. Nilidharau kidogo, kwani karatasi zile nilizoea kuziona mikononi mwa bibi yangu na nilidhani ni mambo ya kale. Kumbe zilikuwa na dawa niliyoikosa. Mwenye kuzijua hizo herufi hajali kama do ni C au ni B bemoli, kwa kuwa yeye hushika ujamaa wa sauti, jinsi moja ikaavyo na nyingine, wala hashiki vitufe.

Nilipokuwa natafuta habari za watunzi wa nyimbo za anime nilikuta kwamba jambo hili limekwisha kujulikana huko Japani. Palikuwa na mtu aitwaye Shinichi Suzuki, aliyezaliwa Nagoya mwaka 1898. Baba yake alikuwa na kiwanda cha kutengeneza fidla, lakini kijana mwenyewe hakufundishwa kupiga. Alipokuwa na umri wa kama miaka 17 alisikia katika sahani ya gramafoni fidla ya Mischa Elman, akashangaa kwamba kitu alichokiona kiwandani kila siku chaweza kutoa sauti kama ile. Akachukua fidla moja nyumbani, akawa anasikiliza sahani na kujaribu kuigiza. Baadaye alikwenda kusoma Ujerumani, na aliporudi akawa mwalimu mashuhuri. Njia yake ya kufundisha yafuata jinsi mtoto ajifunzavyo lugha ya mama yake: husikia kwanza, tena mara nyingi, kisha hutamka, na kusoma maandishi huja nyuma. Hakuna mtoto wa Kimeru aliyefundishwa Kimeru kwa kuonyeshwa mdomo wa mama yake ukifunguka na kufungwa.

Katika shule ya fidla ya Suzuki aliingia mtoto wa miaka minne aliyezaliwa mwaka 1950, jina lake Mamoru Fujisawa. Huyo ndiye ajulikanaye leo kwa jina la Joe Hisaishi, mtunzi wa muziki wa “Jirani Yangu Totoro” ya mwaka 1988 na wa filamu nyingine nyingi za Hayao Miyazaki. Jina hilo alilitunga kwa kumwiga mwanamuziki wa Marekani, Quincy Jones. Alama mbili za Kijapani ziandikazo Hisaishi zaweza kusomwa pia “Kuishi”, na kwa kinywa cha Mjapani Kuishi hukaribia Quincy. Sisi Waswahili twaweza kucheka kidogo hapo, kwa maana jina lake kwetu lina maana yake, na wimbo wake mmoja ninaoupenda kuliko yote, ule wa filamu ya “Howl's Moving Castle” ya mwaka 2004, waitwa kwa maneno yetu Pembea ya Maisha.

Basi sasa nieleze njia ninayoifuata tangu siku ile. Sisemi kwamba ni njia ya pekee, lakini nimeijaribu.

Kinanda kikiwa kimezimwa, sikiliza wimbo mara nyingi. Usisikilize ukifanya kazi nyingine, kaa usikilize. Kisha uimbe au uvumishe kwa pua, bila maneno, maana Kijapani hukijui na maneno yatakupotezea nguvu. Kama huwezi kuuimba, bado huujui, na vidole havitajua usichokijua wewe.

Ukiisha kuuimba, tafuta nyumbani kwake. Kila wimbo una sauti moja ambayo ukiifikia waona umefika, umeweka mzigo chini. Katika nyimbo za furaha sauti hiyo huwa ni do, na katika nyimbo nyingi za huzuni huwa ni la. Acha wimbo uishe, nawe endelea kuvumisha ile sauti ya kupumzikia, kisha washa kinanda ugandamize kitufe kimoja kimoja mpaka kimoja kiungane na koo lako. Hapo umeipata. Kazi hii mara ya kwanza ilinichukua jioni nzima. Siku hizi yanichukua dakika mbili, na si kwa sababu nimekuwa na akili zaidi, ni kwa sababu nimeifanya mara nyingi.

Baada ya nyumbani, watu wengi hukimbilia mahadhi, yaani sauti ya juu iimbwayo. Mimi nakushauri uanze na besi. Besi huenda polepole, aghalabu sauti moja au mbili katika kipimo, nayo hukuambia ni kodi gani inayopigwa. Kodi ni sauti tatu au zaidi zipigwazo pamoja: do na mi na so ni kodi ya do, fa na la na do ni kodi ya fa, so na ti na re ni kodi ya so. Kwa kodi hizi tatu twaweza kupiga sehemu kubwa ya nyimbo za kwaya na nyingi za dansi, nazo aghalabu huanzia nyumbani kwenye do.

Hapo ndipo nyimbo za anime ziliponisumbua. Nilikuwa natafuta do mwanzoni mwa kiitikio na siioni. Nilidhani masikio yangu ni mabovu. Kumbe Wajapani wana safari moja ya kodi waipendayo sana katika nyimbo zao za vijana, hata wameipa jina, Njia ya Kifalme. Safari hiyo huanza kwenye fa, ikaenda so, ikashuka mi, ikatua kwenye la. Ukitumia C kuwa do, piga F-A-C, kisha G-B-D, kisha E-G-B, kisha A-C-E. Jaribu sasa hivi kama una kinanda karibu. Utasikia kwamba wimbo waanza kama mtu aliye tayari njiani, amekwisha kuondoka nyumbani, na kila unapodhani atarudi, anapita mlangoni bila kuingia. Huo ndio mvuto unaowafanya watu wasikie hamu wasiyojua ni ya nini. Nilipoijua safari hii, nyimbo tatu zilizonishinda zilifunguka kwa juma moja. Tena nikaweza kuzianzia kwenye kitufe chochote, kwa maana fa ni fa popote do ikaapo.

Liko jambo jingine la kuvutia. Nyimbo nyingi za Kijapani, hasa zile za shule za tangu zamani, hutumia sauti tano tu: do, re, mi, so, la. Wenyewe huita ngazi hiyo yonanuki, maana yake ile iliyoondolewa ya nne na ya saba. Tazama vitufe vyeusi vya kinanda: viko viwili, kisha vitatu, na jumla ni vitano. Ukianzia kile cha kwanza cha vile vitatu ukakiita do, vitano hivyo vyote ndivyo do, re, mi, so, la. Mkono wa mtoto mdogo waweza kutembea juu ya vitufe vyeusi peke yake na asikosee sana. Mdogo wangu wa darasa la tatu ndivyo nilivyomwanzisha, naye sasa hataki kuondoka.

Wako watakaosema wimbo waenda mbio, sikio halifuati. Ni kweli, na hapa sisi wa leo tuna bahati. Simu huweza kucheza wimbo kwa nusu ya mwendo na sauti isibadilike urefu wake. Baba yangu aliponiona nikifanya hivyo alishangaa, akasema enzi za kaseti haikuwezekana: kanda ikienda nusu ya mwendo, sauti nayo hushuka oktavu nzima, na betri za redio zilipokuwa dhaifu mwimbaji aliimba kama mtu aliyelemewa na usingizi. Wenzangu wa Fizikia wataona sababu yake mara moja. Sauti ya A iliyo katikati ya kinanda ina mitetemo 440 kwa sekunde. Oktavu ya juu yake ina 880, na ya chini 220. Nusu ya mwendo wa kanda ni nusu ya mitetemo, basi ni oktavu moja chini. Na kwa kuwa oktavu imegawanywa hatua 12 zilizo sawa, kila hatua ni kuzidisha kwa 1.0595 takriban, zidisha 440 mara moja upate 466, ambayo ni kitufe cheusi kinachofuata. Ukizidisha hivyo mara 12 utarudi kwenye 880. Nilipowaonyesha wenzangu hesabu hii kwa kutumia logarithimu, wawili walioichukia mada hiyo waliomba niirudie.

Hata hivyo nakuonya: usipunguze mwendo kabla hujasikiliza kwa mwendo wake wa kweli. Wimbo ule wa Pembea ya Maisha una mapigo matatu katika kipimo, moja zito na mawili mepesi. Niliujifunza kwanza polepole mno, nikasahau uzito wa pigo la kwanza, ukawa kama mtu achechemeaye. Ilinibidi niuache majuma mawili, niusahau, nianze upya.

Sasa juu ya video. Wengi hudhani video ni ya kujionyesha tu. Mimi naiona kuwa ni mwalimu mkali asiyechoka. Unapopiga, masikio yako hushughulika na kinachofuata, wala huyasikii makosa yaliyopita. Ukijitazama baadaye utayasikia yote. Mimi niligundua kwamba kila nifikapo mahali pagumu napunguza mwendo, kisha nakimbia kana kwamba nafidia. Hakuna aliyeniambia; simu iliniambia.

Simu naazimwa na kaka yangu Jumamosi, kwani shuleni haturuhusiwi kuwa nazo, na sioni ubaya wa amri hiyo. Naiweka juu ya rundo la vitabu, kioo chake kikitazama mikono kutoka upande wa kulia na juu kidogo, ili vidole vyote vionekane. Mwanga utoke dirishani mbele yangu, usitoke nyuma. Sauti ndiyo yenye taabu. Nyumba yetu ina bati, na wakati wa masika mvua ikinyesha hakuna kisikikacho ila mvua. Siku za jua ziko bodaboda, wako kuku, yuko na jirani apigaye misumari. Njia iliyonisaidia ni kuchukua sauti kwa waya kutoka tundu la kinanda la kusikilizia masikioni mpaka kwenye simu. Lakini waya wa kawaida haufai. Tazama ncha za waya: wenye vipete viwili vyeusi hupeleka sauti masikioni tu, wenye vipete vitatu una njia ya kuingiza sauti pia, na hapana budi kuwe na kiunganishi cha kugawa njia hizo. Simu nyingi mpya hazina tundu hilo hata kidogo, basi utahitaji kiunganishi cha namna nyingine. Anza na sauti ya chini sana, maana kinanda hutoa nguvu nyingi kuliko kipaza sauti kilichotazamiwa na simu, na sauti ikizidi itakwaruza. Kama una simu mbili, moja ya picha na moja ya sauti, piga kofi moja mbele ya zote kabla ya kuanza. Kofi hilo utaliona na kulisikia, nalo litakusaidia kuziunganisha zilingane.

Usikate na kuunga vipande vizuri ukajidai umepiga moja kwa moja. Mimi nilifanya hivyo mara moja. Watu wakasifu, na kila aliponisifu mtu niliona aibu, kwa kuwa kipande cha katikati nilikuwa sikiwezi. Siku hizi nikikosea naanza tena. Pembea ya Maisha niliirekodi mara 14, na ile ya 14 ina jogoo anayewika karibu na mwisho. Nimemwacha.

Jambo la haki za watunzi halina budi kutajwa, kwani wengi hulipuuza. Wimbo nilioupiga kwa vidole vyangu si wangu. Vidole tu ndivyo vyangu. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, na ofisi inayoishughulikia ni COSOTA. Huko Japani, tangu mwisho wa mwaka 2018, haki ya mtunzi hulindwa miaka 70 baada ya kufa kwake, na Bwana Hisaishi yu hai, angali akitunga. Kuandika jina la mtunzi chini ya video ni adabu, tena ni lazima, lakini jina peke yake si ruhusa. Mitambo ya kuonyeshea video huweza kuutambua wimbo, na fedha za matangazo zikaenda kwa mwenye wimbo, au video ikaondolewa. Nisomapo habari kwamba hivyo ndivyo, sioni kuwa nimeonewa. Mwenye kutaka kupata fedha atunge wake. Mimi nimeanza kujaribu kutunga, lakini hayo sitayaandika bado.

Mwisho niseme neno na wazazi. Baba hakupenda kazi hii. Aliona katuni ni mambo ya watoto, na alihofu mtihani wa kidato cha nne. Tulipatana hivi: nusu saa kila siku baada ya kumaliza kazi za shule, na majuma sita kabla ya mtihani kinanda kitafunikwa. Nimeyashika mapatano. Lakini kilichobadili uso wake hakikuwa mapatano.

Jioni moja ya Jumapili alikuwa amekaa nje akimenya machungwa, akaanza kuvumisha wimbo wa Mbaraka Mwinshehe, ambao babu alikuwa akiusikiliza redioni. Mbaraka, kwa wale wasiomjua, alizaliwa mwaka 1944 na kufa mwaka 1979, na mwaka 1970 yeye na Morogoro Jazz walikwenda kupiga katika Maonyesho ya Dunia yaliyofanyika Osaka, huko huko Japani. Nikamwambia Baba asinyamaze. Nikaivumisha pamoja naye ile sauti ya kupumzikia, nikaingia ndani, nikaitafuta. Ilikuwa kitufe cheusi, A bemoli, mahali ambapo mwaka uliotangulia nisingethubutu kuweka kidole. Nikapiga kodi ya do, kisha ya fa. Baba akaja mlangoni, kisu mkononi. “Hapo hapo,” akasema, “lakini gitaa lilikuwa likijibu hivi,” akaimba lile jibu la gitaa kwa mdomo, naye nilikuwa sijapata kumsikia akiimba kitu ila tenzi.

Nikamwomba airudie polepole, maana besi ya mstari wa pili ilikuwa haijanikalia sawa.